Kabla hujalipia tangazo kwenye gemu, jua nani anacheza

Wadau mnaotangaza biashara zenu kwenye gemu za simu, hebu sikizeni hii. Msidhani kila anayecheza gemu ni kijana wa miaka 17. Jioni panda matatu ya Rongai uangalie tu, utaona mama ametoka kazini, mkoba mapajani, anapanga peremende za Candy Crush tangu Bomas mpaka anashuka, na huyo ndiye ananunua unga, sare za shule na mafuta ya nywele za nyumba nzima. Hiyo gemu ilitoka 2012 na wachezaji wake wengi ni wanawake. Sasa enda kwa kibanda cha PlayStation mtaani, karibu wote vijana wa kiume, wanalipa kwa mechi, hao waonyeshe viatu na bando.

Google Ads, ile huduma ya Google ya kulipia matangazo, imegawanya umri, 18–24, 25–34, 35–44 na kuendelea, lakini usiamini umri peke yake, maana hapa kwetu akaunti ni ya mzazi na simu imeshikwa na mtoto. Mimi nilipata klik kibao saa mbili usiku na oda hata moja hakuna, kumbe tangazo lilikuwa linatokea kwa gemu za watoto za kupaka rangi! Data za watoto nazo usiguse bila idhini ya mzazi, iko kwa sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya 2019. Fungua kwa Google Ads ripoti ya mahali tangazo lilionekana, toa hizo gemu za watoto moja moja, halafu wiki inayofuata angalia oda, si klik.