Kabla ya Kumrudisha Mgonjwa Nyumbani

Daktari aliposema, "Mchukueni, mtaendelea naye nyumbani kwa tiba shufaa," sisi tulisikia neno moja tu: wamemkatia tamaa. Mama mkubwa alikuwa na saratani ya koo la chakula. Waliokuwa barazani wakaanza kulia, na ile dakika ya kumuuliza daktari maswali ikatupita hivyo hivyo. Maswali yenyewe tulikuja kuyauliza kwa simu, saa tisa usiku, na hakuna aliyepokea.

Tiba shufaa, ambayo wengine huiita pia huduma ya tulizo, si kuacha kutibu. Ni kutibu maumivu, kichefuchefu, vidonda na hofu, na inaweza kuanza mapema kabisa, mgonjwa akiwa bado anapigwa mionzi. Ukanda wetu si mgeni katika kazi hii. Kituo cha tiba shufaa cha Nairobi Hospice kilianza mwaka 1990, Daktari Anne Merriman akaanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na Dar es Salaam watu huifuata Ocean Road, hospitali ya saratani. Lakini vitanda ni vichache, na wagonjwa wengi wenyewe wanataka kwao. Kwa hiyo wodi ni chumba chako, na muuguzi wa zamu ni wewe.

Anza na dawa ya maumivu kabla ya kufikiria godoro. Kwa maumivu makali ya saratani, dawa yenyewe ni mofini, na huku kwetu mara nyingi hutolewa ya maji, ya kunywa. Haiuzwi kila duka la dawa. Hutoka hospitali zenye kibali, kwa cheti cha daktari. Hapo ndipo tulipokwama. Chupa yetu iliisha Jumamosi jioni, na dirisha la dawa lilikuwa halifunguliwi mpaka Jumatatu. Sitaki kueleza zile siku mbili. Hesabu mililita zilizobaki kila Jumatano, na kabla hujatoka hospitali uliza mambo matatu: tukiishiwa tunakwenda wapi, siku gani, na aende nani ikiwa mgonjwa hawezi kunyanyuka.

Mofini ya maji hunywewa kwa saa zilizopangwa, haingojei mgonjwa alalamike. Kwa kawaida ni kila baada ya saa nne: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, saa 4 usiku. Mara nyingi daktari huagiza dozi ya kulalia iwe maradufu ili mtu asiamshwe usiku wa manane. Uliza pia dozi ya ziada maumivu yakizuka katikati. Soma kibandiko kila unapopewa chupa mpya, maana ukali hutofautiana. Uganda huitia rangi ili watu wasichanganye: ya kijani ina miligramu 5 katika kila mililita 5, ya waridi ina 50. Kijiko ni kile kile, dawa ni mara kumi. Kijiko cha chai cha nyumbani kiache kabatini, tumia bomba la sindano lisilo na sindano.

Atasinzia siku mbili tatu za mwanzo. Mara nyingi ni usingizi aliokuwa anaudai. Kichefuchefu nacho huja kikapita. Choo kigumu hakipiti, kwa hiyo usiondoke hospitali na mofini bila dawa ya kulainisha choo. Na shangazi fulani atasema, "Mtamfanya teja." Mgonjwa anayepewa kwa kipimo cha daktari kwa ajili ya maumivu kwa kawaida hawi teja. Mjibu shangazi kwa adabu, kisha endelea kupima mililita zako.

Nunua daftari la shule. Letu lilikuwa la kurasa 48, limefungwa kalamu kwa uzi, linaning'inia msumarini juu ya kitanda. "Saa 4 usiku, ml 5, kalala. Saa 9 kaamka analia, ml 5 ya ziada." Muuguzi wa kutembelea majumbani alilisoma kwa dakika mbili akaongeza dozi. Maneno yetu ya "anaumwa sana" yasingemfikisha hapo.

Kitanda kiwe mahali unapoweza kukizunguka pande zote mbili. Mgonjwa asiyejigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo kiuno na visigino vitachubuka. Tandika khanga iliyokunjwa mara mbili chini ya mgongo. Watu wawili wakishika pembe, anasogea bila kuvutwa ngozi. Kidonda chenye harufu kina dawa, hata vidonge vya metronidazo huwa vinasagwa na kunyunyiziwa juu yake, muuguzi akuelekeze. Msione haya kukitaja. Chakula ni anapotaka na anachotaka. Kumlazimisha uji mtu asiyemeza ni kumpalia.

Zamu zipangwe kwa majina na siku. Kwetu kila mtu alisema "tutasaidiana", na aliyebaki akikesha alikuwa binti mmoja, kwa sababu tu hakuwa na ajira. Anayeishi mbali atume nauli na hela ya nepi za wakubwa. Anayeishi jirani ashike usiku wa Ijumaa.

Kisha lile gumu. Mama mkubwa alijua hali yake kabla yetu. Sisi ndio tuliokuwa tunanong'ona koridoni. Alipoulizwa taratibu anataka nini, alitaja shamba, deni la kikoba, na kwamba azikwe kwao, si mjini. Mwulizeni mgonjwa wenu angali na nguvu. Wosia unaweza kuandikwa na kuhifadhiwa RITA, wakala wa serikali ya Tanzania unaosajili vizazi na vifo. Kwa Mwislamu, anachoweza kuusia wasio warithi hakizidi theluthi. Hati ya kiwanja iko wapi, namba ya siri ya simu anaijua nani, padri au shehe wake ni yupi, haya yanaulizwa kukiwa kumetulia.

Mwisho unapokaribia, kula na kunywa hukoma, miguu hupoa, pumzi huja kwa vituo. Lowesha midomo kwa kitambaa, paka mafuta ya mgando. Andikeni mapema namba ya kupiga kwanza, na muulizeni mtendaji wa mtaa utaratibu wa kibali cha kuzika mtu aliyefia nyumbani.

Chupa ya mofini itakayobaki irudishwe pale ilipotolewa. Yetu ilikuwa na kama mililita 60. Mfamasia aliipokea kwa mikono miwili, akaandika kitabuni mwake, akatupa pole.