SOMO: Taasisi ya umma na msamaha wa sheria ya sumu (soma yote kabla ya kuuliza)

Wiki haipiti bila mtu kuniuliza: "Sisi ni taasisi ya umma, leseni ya sumu inatuhusu?" Naandika mara moja, basi.

1. Fungua sheria ya nchi yako, tafuta kifungu cha misamaha, yaani wasiolazimika kuwa na leseni. Mara nyingi hutajwa hospitali za umma, idara za serikali, na taasisi za elimu na utafiti wa sayansi.

2. Hakikisha sumu unayoitaka imo kwenye jedwali la sheria (orodha ya sumu zinazodhibitiwa), na sehemu ipi.

3. Oda iwe ya maandishi: jina la sumu, kiasi, matumizi, sahihi ya mwenye mamlaka. Mhuri mtupu hautoshi.

4. Pokea, pima, andika kwenye rejista, funga kabati.

5. Kutoa. Hapa ndipo nilipoungua. Mwenzangu wa idara nyingine aliniomba fosfidi ya zinki "kidogo tu", panya wanamsumbua nyumbani. Nikampimia gramu 120, akaondoka nazo kwenye chupa ya maji ya kunywa. Ule unga wa kijivu unaonuka kitunguu saumu ukikutana na asidi ya tumboni hutoa gesi ya fosfini, nami nikauacha utoke mlangoni hivyo hivyo. Mkaguzi alipokuja, rejista ilisema 500, mizani ikasema 380. Nilijitetea kwamba tumesamehewa. Msamaha umepewa kazi ya taasisi, haukupewa jengo wala chupa. Panya wa nyumbani kwa mtu si kazi ya taasisi.

Kwa hiyo: usitoe bila tarehe, jina, kiasi, matumizi, sahihi na salio. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja, andika upya, tia sahihi; usifute. Chupa ya kinywaji, USITHUBUTU.

MASWALI

– Mkuu, sisi hospitali ya umma tunahitaji leseni?
Hatua ya 1.

– Nijibu tu ndiyo au hapana.
Sheria ya nchi yako sijaiona, na wewe hujaifungua. Tuko sawa.

– Mambo ya gramu 120 tu, si ungemalizana na mkaguzi?
Gramu hizo zingeweza kuua watu. Lingine?

– Samahani mwalimu, je, tukimwazima jirani ambaye naye ni taasisi ya umma?
Swali zuri. Usidhani wawili waliosamehewa wanaweza kupeana kienyeji. Angalia kwanza kama kifungu kinaruhusu. Kikiruhusu, alete oda yake yenye matumizi. Wewe andika kutoa, yeye aandike kupokea, na rejista zote mbili zisome kiasi kilekile.

– Kabati langu nimelipanga kwa alfabeti, safi kabisa.
Kwa hiyo asidi na sianidi ziko kabati moja? Zikimwagikiana hutoa gesi inayoua. Zitenganishe leo.

– Kwa nini sumu nyingine hutiwa rangi?
Zisidhaniwe chakula. Uingereza, sheria ya mwaka 1851 ilitaka aseniki ya rejareja ichanganywe na masizi au nili, maana nyeupe ilifanana na unga. Na hata humo kulikuwa na msamaha: dawa iliyochanganywa kwa cheti cha daktari.