Somo: Mfarishi wako wa kwanza, viraka tisa tu

Wengi wanaokuja kujifunza kushona mfarishi huja na kitanda kizima kichwani. Wanataka mfarishi wa watu wawili, wenye nyota na maua, na wanataka kuuanza leo. Nia hiyo ni njema na isipotee. Ila kazi ya kwanza iwe ndogo: viraka tisa na mpaka wake, inchi 18 kwa 18, kitu cha kutandika mezani au kugeuza foronya ya mto.

Mfarishi ni matabaka matatu: uso wa viraka, pamba ya katikati na kitambaa cha mgongo, yote yakishikwa kwa mishono inayopita juu hadi chini. Ukishona wa inchi 18 utakata, utaunga, utapiga pasi, utashikiza, utashona matabaka na kutia pindo, sawa na anayeshona wa kitanda. Hakuna funzo litakaloachwa. Tofauti ni kwamba wewe utaumaliza, na aliyemaliza kazi moja huwa tayari anaiwaza inayofuata.

Vitu vya kuwa navyo

Kitambaa cha pamba tupu, cha uzito wa shati, rangi mbili zinazopishana vizuri: moja nzito, moja nyepesi. Usianze na kitambaa kinachovutika wala kinachoteleza. Kama huna uhakika rangi zinapishana kiasi gani, vipige picha kwa simu kisha uigeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Vikionekana kijivu kimoja, viraka vitamezana. Mengine ni uzi wa pamba, sindano mpya ya cherehani namba 80, pini, rula ndefu, penseli au chaki ya fundi, mkasi mkali, kifumulio na pasi. Kisu cha gurudumu na ubao wake wa kukatia vinarahisisha kazi, lakini mkasi unatosha.

Fua vitambaa kabla ya kukata. Pamba hurudi ikifuliwa, na si vitambaa vyote vinavyorudi kwa kiasi kimoja. Afadhali irudi sasa kuliko baada ya kushonwa.

Hatua ya 1: Pima robo inchi yako

Hapa ndipo nitakapokaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mfarishi unapofanikiwa au kuharibika. Nafasi ya mshono katika viraka ni robo inchi, kila mshono, bila ubaguzi. Mshono wa nguo husamehe. Mshono wa viraka hausamehi, kwa kuwa kosa hujirudia. Ukizidisha moja ya kumi na sita ya inchi tu, kila mshono unameza thumuni (moja ya nane) ya inchi, kwa sababu kosa linaingia pande zote mbili. Safu ya viraka vitatu ina mishono miwili, hivyo umepoteza robo inchi. Safu ya viraka kumi na sita, kama ya mfarishi wa kitanda, itakuwa imepungua karibu inchi mbili, na safu ya jirani haitakubali kuungana nayo.

Fanya jaribio hili kabla ya kugusa kitambaa chako kizuri. Kata vipande vitatu vya upana wa inchi moja na nusu, urefu wowote. Viunge kwa ubavu, piga pasi, kisha weka rula juu ya kipande cha katikati. Kinatakiwa kisome inchi moja kamili. Kikisoma pungufu, mshono wako ni mpana mno. Kikizidi, ni mwembamba. Wengi hugundua kwamba inawabidi washone ndani kidogo ya robo inchi, kwa unene wa uzi mmoja au miwili, kwa sababu kitambaa kikikunjwa juu ya mshono nacho hula nafasi. Ukishapata pahali penyewe, bandika utepe wa karatasi juu ya bamba la cherehani ili ukingo wa kitambaa uufuate. Macho yako yatazame utepe, yasitazame sindano.

Hatua ya 2: Kata

Viraka vitano vya rangi nzito na vinne vya rangi nyepesi, kila kimoja inchi 5 kwa 5. Kwa mpaka, kata vipande viwili vya inchi 2½ kwa 14 na viwili vya inchi 2½ kwa 18. Fuata mkondo wa uzi wa kitambaa, usikate mshazari, na ondoa kwanza ule ukingo mgumu wa kiwandani.

Hatua ya 3: Unga na upige pasi

Panga viraka mezani: nzito kwenye pembe nne na katikati, nyepesi kwenye nafasi zilizobaki. Urefu wa mshono uwe milimita 2 hadi 2.5. Unga safu moja moja, halafu piga pasi kila mshono kuelekea upande wa rangi nzito.

Kanuni hii ya pasi ina faida mbili. Kwanza, ukingo wa rangi nzito hauonekani kwa chini ya kitambaa chepesi. Pili, tazama kilichotokea: safu ya kwanza na ya tatu, mishono imelala kwenda nje, safu ya katikati, imelala kwenda ndani. Sasa ukiziweka safu mbili uso kwa uso, mishono inalala kinyume na kukabana. Pitisha kidole gumba na cha shahada juu ya makutano, sukuma taratibu, utasikia kitambaa kimekataa kusogea. Hapo ndipo panapotakiwa pini. Ukifungua baada ya kushona, pembe nne zinakutana kwenye nukta moja, na hiyo ndiyo raha ya kazi hii.

Pasi ya viraka haisuguliwi. Iweke, iinue, iweke tena. Ukiiburuta unavuta kitambaa na miraba inapotoka, kila mmoja na umbo lake.

Ukipima sasa, uso wako uwe inchi 14 kwa 14. Shona vipande vya inchi 14 ubavuni, piga pasi kuelekea nje, kisha vile vya inchi 18 juu na chini.

Hatua ya 4: Panga matabaka na ushikize

Kata kitambaa cha mgongo na pamba ya katikati, inchi 22 kwa 22, ili ibaki akiba ya inchi mbili kila upande. Tandaza mgongo mezani, upande mbaya ukitazama juu, ubandike kwa utepe wa gundi mpaka unyooke bila kuvutwa. Juu yake pamba, juu yake uso. Laza kwa kiganja kutoka katikati kwenda nje. Shikiza kwa pini za kufunga, umbali wa inchi 4 hivi kati ya pini na pini, nazo pia kuanzia katikati. Hatua hii inachosha na wengi huiharakisha. Usiharakishe.

Hatua ya 5: Shona matabaka

Kwa mara ya kwanza shona mistari iliyonyooka tu. Ongeza urefu wa mshono hadi milimita 3. Anza na mstari wa katikati, endelea kuelekea pembeni, ukiondoa pini unapozikaribia. Soma maelezo ya pamba uliyonunua; huandikwa umbali mkubwa zaidi unaoruhusiwa kati ya mshono na mshono. Ukiuzidi, pamba itajikusanya mabonge ikifuliwa.

Hatua ya 6: Pindo

Nyoosha kingo kwa rula, kata ziada ya pamba na mgongo. Kata tepe mbili za upana wa inchi 2½ kwenye upana mzima wa kitambaa cha inchi 44, ziunge kwa mshono wa mshazari, kunja katikati kwa urefu na upige pasi. Weka kingo mbichi za utepe sambamba na ukingo wa uso, acha mkia wa inchi 5 au 6, kisha anza kushona katikati ya upande, si kwenye pembe.

Pembe ndiyo inayotisha watu. Simama robo inchi kabla ya kufika ukingoni, rudisha mshono, kata uzi. Geuza kazi. Inua utepe uelekee juu moja kwa moja, mkunjo wake ukifanya mshazari kwenye pembe; kisha ushushe ulale sambamba na upande mpya, mkunjo wa juu ukiwa sawa na ukingo uliotoka. Anza kushona upya kutoka juu kabisa. Ukifika ulikoanzia, unganisha mikia miwili, malizia, pindua utepe kwenda nyuma na ushone kwa mkono kwa mshono wa kujificha. Pembe itajikunja yenyewe.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Mimi sina cherehani. Je, nisubiri?*

Marahaba. Usisubiri. Mifarishi ilishonwa kwa mkono kabla cherehani haijabuniwa. Chora mstari wa robo inchi kwa penseli upande mbaya wa kila kiraka, kisha shona mshono wa kawaida juu ya mstari, ukirudisha mshono mwanzoni na mwishoni. Kwenye matabaka tumia sindano fupi na kastabani. Usishindane kushona mishono midogo. Ifanye ilingane kwanza, udogo utakuja.

*Pamba ya katikati kwetu haipatikani. Naweza kutumia blanketi la zamani?*

Ndiyo, kama ni jembamba na limeshafuliwa likamaliza kurudi. Flaneli pia ni nzuri. Blanketi nene litasumbua chini ya mguu wa cherehani, kwa hiyo hilo usilishone mistari. Funga mafundo: pitisha uzi mzito juu hadi chini, urudishe, funga fundo maradufu, kila baada ya inchi 4 hivi. Ni njia ya zamani na mafundo hayafichwi, ni sehemu ya pambo.

*Nimegeuza kazi nikakuta mgongo umekunjamana vibaya. Nifanye nini?*

Pole, dada. Mkunjo mmoja mdogo uache, ukifuliwa hautaonekana. Ikiwa ni mingi, fumua mstari uliohusika tu, usifumue kazi nzima. Sababu huwa mojawapo kati ya hizi: mgongo haukunyooshwa vya kutosha, pini zimeachana mno, au meno ya cherehani yanavuta kitambaa cha chini haraka kuliko cha juu. La mwisho lina tiba mbili. Punguza mgandamizo wa mguu kama cherehani yako inaruhusu, au tafuta ule mguu maalumu wenye meno yake, unaovuta tabaka la juu kwa mwendo mmoja na la chini. Ukipanga kuendelea na mifarishi, huo mguu ndio kifaa cha kwanza cha kununua, kabla ya kitu kingine chochote.

*Nina rundo la nguo kuukuu: mashati ya baba, jinzi, fulana. Zinafaa?*

Zinafaa sana, na kwangu hakuna mfarishi wenye thamani kupita huo. Wanawake wa Gee's Bend, kijiji cha Alabama nchini Marekani, walishona mifarishi yao kwa suruali za jinzi na nguo za kazi zilizochakaa, na mwaka 2002 mifarishi hiyo ikatundikwa katika jumba la makumbusho ya sanaa la Houston, baadaye New York. Mashati yachanganye bila shida. Kata mbali na kwapa na kola ambako kitambaa kimelegea. Jinzi ni nzito, hivyo itumie na jinzi wenzake na sindano namba 100. Fulana huvutika: bandika kwanza kitambaa cha gundi ya pasi upande mbaya, ndipo ukate.

*Namfundisha binti yangu wa miaka tisa. Nianzie wapi?*

Anza kwa kumwachia achague rangi, na usiziguse hata kama wewe ungechagua nyingine. Kukata fanya wewe, maana kisu cha gurudumu si cha mtoto. Yeye apange viraka na ashone, cherehani ikiwa kwenye mwendo wa polepole, wewe ukiwa umekaa pembeni yake. Akikosea robo inchi, mpe rula apime mwenyewe aone. Na kila siku mmalize kitu: leo safu moja, kesho nyingine.

*Nyekundu yangu imechuja rangi kwenye nyeupe!*

Usiukaushe mfarishi, wala usiupige pasi. Joto linashikisha rangi. Uloweke tena kwenye maji mengi pamoja na sabuni, ubadilishe maji mpaka yawe safi. Siku nyingine sugua kitambaa chekundu au cha buluu iliyokoza kwa kitambaa cheupe chenye maji kabla ya kukata. Cheupe kikipata rangi, fua tena.

*Nimemaliza viraka tisa na nimeupenda mno! Sasa nishone nini?*

Hongera! Pembetatu. Chukua miraba miwili ya inchi 5, nzito na nyepesi, iweke uso kwa uso. Chora mstari wa pembe hadi pembe, shona robo inchi upande huu na upande ule wa mstari, kisha kata juu ya mstari wenyewe. Unapata miraba miwili, kila mmoja nusu nzito nusu nyepesi. Ipunguze iwe inchi 4½ kamili. Mshono wake umekaa mshazari, kwa hiyo pasi yako iwe nyepesi zaidi kuliko wakati wowote. Tengeneza kumi na sita, zitandaze sakafuni na uzizungushe: utapata almasi, vinu vya upepo, ngazi, milima. Piga picha kila mpangilio kabla ya kuamua. Inayokuvutia igeuze mto au mfuko wa kubebea vitabu. Mfuko utakufundisha pia bitana na mikanda, na somo la mfuko ndilo linalofuata.