Mgongo unauma na msimu wa korosho ndo huo unakuja? Anza haya mazoezi mapema

Ikifika mwezi wa kumi na moja huku kwetu Tandahimba utawaona watu wazima wanainuka chini ya mkorosho kwa awamu, kwanza goti, halafu mkono kwenye paja, halafu ndo mgongo unafuata, na kila mtu anasema ni uzee au ni kazi. Kazi ndio inachangia, ila wengi wetu mgongo unatusumbua zaidi kwa sababu tunaingia msimu misuli ikiwa imelala, afu ghafla unainama kuanzia asubuhi mpaka jua likizama. Mi ulinishika mwaka juzi nikiwa nanyanyua gunia kwenda mizani. Kila aliyekuja kunipa pole akaniambia lala tu usiguse kitu, basi nikalala siku kumi, na siku ya kumi na moja hata suruali navalishwa na mke wangu. Nilivoenda hospitali, mtu wa fiziotherapia, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alinambia kitu ambacho natamani kila nyumba ya kusini ikijue: mgongo wa kawaida ukiuma, kulala sana kunauchelewesha kupona, unatakiwa utembeee taratibu na ufanye mazoezi. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2023 lilitoa mwongozo wa maumivu ya mgongo ya muda mrefu na mazoezi yamo.

Lakini kabla ya yote, kuna mgongo ambao sio wa kufanyia mazoezi nyumbani. Mkojo au choo ukikutoka bila kujua, au mkojo unagoma kutoka, au sehemu za siri na makalio ya ndani yamekufa ganzi, au mguu unakosa nguvu, hiyo nenda hospitali siku hiyohiyo usisubiri kuche. Vilevile kama umeanguka kutoka juu ya mti au bodaboda, au unauma na homa, unapungua mwili, unatoka jasho usiku, kapime, maana kifua kikuu kinaingia mpaka kwenye uti wa mgongo na huwezi kukijua kwa kukandwa maji ya moto.

Kama huna hayo, anza na kutembea. Watu wanaidharau hii kwa vile ni bure. Australia walifanya utafiti kwa watu 701 waliokuwa wamepona mgongo, ukatoka mwaka 2024, waliopangiwa ratiba ya kutembea mdogomdogo mpaka kufika nusu saa mara tano kwa wiki walikaa wastani wa siku 208 kabla mgongo haujarudi, wenzao ambao hawakupewa ratiba siku 112. Kwaiyo anza dakika kumi tu, asubuhi au jioni, wa Mtwara mjini nenda ufukwe wa Shangani maji yakiwa yametoka na mchanga umeshikana, wa Lindi bahari iko hapo mlangoni, sisi wa bara barabara ya shamba inatosha. Kila wiki ongeza dakika tano.

Halafu tandika mkeka chini, sio godoro, godoro linabonyea.

Lala chali, kunja magoti, nyayo chini. Bana tumbo taratibu kama vile unataka kiuno kiguse mkeka, hesabu mpaka tano, achia. Fanya kumi. Hili ni la kuuamsha mgongo tu, hata siku umeshika sana unaliweza. Ukimaliza, palepale ulipolala nyanyua makalio juu mpaka mapaja na kifua viwe mstari mmoja, unasukuma kwa visigino na unabana makalio, sio kuukunja mgongo, shikilia hesabu tano ushuke. Hili la pili ndo nalipenda kuliko yote, maana makalio yakiwa dhaifu mgongo unabeba kazi ambayo sio yake. Shangazi yangu ana miaka sitini na kitu, alianza na matatu tu, sasa anafika kumi na mbili na anapumzika katikati.

La tatu piga magoti na uweke viganja chini kama mtoto anayetambaa. Nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma kwa wakati mmoja, shikilia hesabu kumi, rudisha, badilisha. Mgongo usiyumbe, mwambie mtoto akuwekee kikombe cha plastiki kiunoni, kikianguka ujue unayumba. Kama mkono na mguu pamoja ni kazi, anza na mguu peke yake. Sita kila upande zinatosha.

La nne ni kwa ajili yetu tunaoshinda tumeinama. Lala kifudifudi, weka viganja usawa wa mabega, sukuma kifua juu huku kiuno kinabaki chini, kumi pia. Hapa sikiliza mwili: kama ulikuwa na maumivu yanashuka mguuni na sasa yanapanda kurudi kiunoni, hiyo ni dalili nzuri endelea, ila yakizidi kushuka kuelekea kwenye unyayo acha hilo zoezi, ukaonane na mtaalamu.

Kuuma kidogo wakati wa zoezi sio kwamba unajiharibu. Ila ukiamka kesho yake na maumivu yamezidi ya jana, punguza idadi, usiache kabisa. Mara moja kwa siku, na usitegemee wiki moja, mi nilianza kuona tofauti wiki ya tano.

Kina mama naomba mnisikie kwenye hili la ufagio mfupi. Ukitoka tu kitandani zile sahani laini katikati ya pingili za uti wa mgongo zinakuwa zimejaa maji, ukiinama sana muda huo zinabanwa zaidi, kwaiyo bandika chai kwanza, zunguka zunguka nusu saa, ndo ufagie uwanja, na ukifunga ufagio kwenye mti mrefu ni bora zaidi.

Shambani, palilia na fagia chini ya mikorosho kabla korosho hazijaanza kudondoka, zikidondoka uzisukume kwenye mafungu, uokote na kutenganisha mabibo ukiwa umekaa kwenye kigoda au goti moja chini. Kila nusu saa simama, mikono kiunoni, jipinde nyuma mara tano. Ndoo ya maji iliyojaa lita 20 ni kilo 20, ikunjie magoti na uivute karibu na mwili kabla hujainyanyua. Gunia lililojaa ni la watu wawili, hata kama mizani iko hatua kumi tu.