Mbwa Akishapasuliwa Goti

Mbwa wangu Chui aliposhonwa kano ya goti la nyuma, kitu cha kwanza nilichofanya hapa Kisauni ni kutandika mikeka nyumba nzima. Vigae vinateleza, na mtelezo mmoja mbaya waweza kuharibu kazi yote ya daktari wa mifugo.

Siku tatu za mwanzo, funga barafu ndani ya kitambaa umkande dakika 10 hadi 15, mara tatu kwa siku. Akienda haja, pitisha leso iliyokunjwa chini ya tumbo, umwinue nyuma kidogo. Mvishe kola ya kumzuia kulamba mshono. Atalia, nawe utamhurumia, lakini usiivue: ulimi huleta vijidudu na hufungua nyuzi.

Dawa ni zile alizoandikiwa tu. Brufen na Panadol za watu zaweza kumuua.

Kazi kubwa ni subira. Baada ya wiki mbili atajiona mzima, kumbe mfupa na kano bado. Kwa wiki 8 hadi 12 hakuna ngazi, kuruka wala kufukuza paka. Mtembeze kwa kamba, polepole, dakika tano kwanza, ukiongeza kadiri daktari atakavyosema. Toka alfajiri, lami ikiwa baridi. Bahari ya Nyali ingoje ruhusa ya daktari.

Mpunguzie ugali pia. Uzito huumiza hata goti zima.

Mshono ukivimba, ukitoa usaha, au akiacha ghafla kukanyagia mguu, mrudishe kliniki siku hiyo hiyo.