Kabla Hujakubali Giaboksi Ishushwe

Mimi nabeba maembe kutoka Marafa hadi Malindi, na msimu ukikubali nateremka nayo hadi soko la Kongowea, Mombasa. Pikapu yangu ni Hilux ya dizeli, gia za mkono. Mume wangu ana Probox ya otomatiki. Si fundi, wala sina hamu ya kulala chini ya gari. Lakini nimekaa kwenye magereji vya kutosha kujua kwamba kushusha giaboksi ni kazi ya siku nzima, na utailipa hata kama ugonjwa haukuwa humo. Kwa hiyo mwenye gari ahakikishe mambo mawili: giaboksi isishushwe bure, na ikishushwa isirudi chini tena mwezi ujao.

Klachi ndiyo inayounganisha na kutenganisha injini na giaboksi, nayo imekaa katikati yao, ndiyo maana kuifikia hushushwa giaboksi. Fundi akiniambia, "Mama, hii klachi imekufa," humuuliza, "Imekufa vipi? Inateleza au haiachii?" Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na tiba zake hazifanani.

Klachi inayoteleza utaijua kwenye gia za juu, gari likiwa na mzigo. Unakanyaga mafuta, injini inaresi, lakini mwendo hauongezeki. Wakati mwingine inanuka kama kitu kilichoungua. Ukitaka uhakika, egesha mahali tambarare ambapo mbele pako wazi, vuta handbreki, mguu wa kulia kwenye breki, tia gia ya tatu, kisha achia klachi taratibu. Klachi nzima itaizima injini papo hapo. Injini ikiendelea kunguruma, pleti, ile sahani ya klachi inayobanwa ili ishike injini, haishiki. Usirudie jaribio hilo kuwaonyesha majirani, kwa sababu kila ukilifanya unaichoma zaidi.

Hata hapo, pedali kwanza. Inatakiwa iwe na nafasi kidogo juu, ishuke kwa kidole kabla hujaanza kusikia uzito. Kama haina nafasi hiyo, huenda ni kebo au fimbo iliyokazwa kupita kiasi, na klachi haikamati kikamilifu. Kurekebisha huko ni kazi ya spana na dakika chache.

Klachi isiyoachia ndiyo watu wengi wanatozwa pesa kwa ajili yake bila sababu. Umekanyaga pedali hadi chini, gia ya kwanza inagoma, rivasi inakwaruza. Mara nyingi pleti haina kosa. Shida iko kwenye mafuta yanayosukuma klachi. Fungua boneti utafute kikopo cha mafuta ya klachi. Kwenye Hilux ni kidogo, kiko karibu na kile cha breki. Kwenye magari mengine klachi na breki hutumia kikopo kimoja. Mafuta hayo hayaliwi na injini, kwa hiyo yakipungua haraka yanavuja mahali. Ingiza mkono chini ya kapeti, pale pedali inapoingilia ukuta wa mbele. Ukitoka na majimaji, masta, ile pampu ndogo inayosukumwa na pedali, inavuja. Kisha chungulia ubavuni mwa giaboksi, funua kimpira cha slevu, silinda ndogo inayopokea msukumo wa mafuta na kuiachia klachi. Kukiwa na maji maji humo, umempata mwizi. Pande zote mbili zikiwa kavu, pampu pedali haraka haraka ujaribu gia tena. Ikiingia vizuri, basi kuna hewa kwenye mfumo au masta inapitisha mafuta kwa ndani.

Masta na slevu za nje hubadilishwa bila kugusa giaboksi. Yapo magari ambayo slevu yake imefichwa ndani, imezunguka shafti, na hayo hayana ujanja: lazima ishushwe. Uliza kabla.

Sisi wa pwani tuna jambo letu hapa. Mafuta ya klachi ni yale yale ya breki, DOT 3 au DOT 4 kama ilivyoandikwa kwenye kifuniko, na mafuta haya hunywa unyevu wa hewani. Malindi unyevu hauishi. Maji yakiingia, silinda hushika kutu ndani na kukata mipira. Mimi huyamwaga yote na kutia mapya kila miaka miwili, na mapema zaidi yakigeuka meusi. Asikudanganye mtu kuongezea mafuta ya injini ati "yote ni mafuta". Mipira itavimba, na utanunua masta, slevu na pengine breki nzima.

Wenzetu wa Lamu wanaoacha magari Mokowe na kuvuka kisiwani kwa muda mrefu wana shida nyingine: pleti inagandana kwa kutu na flaiwili, lile gurudumu zito la injini ambalo pleti hubanwa juu yake. Gari halikuwa na tatizo, umelirudia, gia haziingii kabisa. Usikubali kushusha kitu bado. Washa injini ikiwa nyutro, iache ipate moto, kisha izime. Gari likiwa limeelekea mahali peupe pasipo watu, tia gia ya pili, kanyaga klachi hadi mwisho, washa. Litaondoka kwa kurukaruka. Endelea kukanyaga klachi, achia na kanyaga mafuta, gusa breki. Kutu nyepesi huachia. Isipoachia, hapo muite fundi.

Sauti nazo zinasema. Injini ikiwa nyutro, kelele ikianza ukikanyaga klachi, ni rilisi beringi, ile inayosukuma klachi iachie. Kelele ikiwepo mguu ukiwa juu na kupotea ukikanyaga, ni beringi ya shafti ya giaboksi. Angalia kiwango cha mafuta ya giaboksi siku hiyo hiyo. Gia moja tu ikikwaruza, tuseme ya pili, na nyingine zote laini, kubadilisha klachi hakutasaidia. Ugonjwa uko ndani ya giaboksi.

Ikikufia njiani, kwa mfano kati ya Garsen na Malindi ambako gereji si za kila kona, unaweza kujikokota. Zima injini, tia gia ya kwanza, hakikisha mbele hakuna mtu, washa. Gari litaruka na kuondoka. (Mengine hayawaki mpaka ukanyage pedali, ikanyage tu.) Kupandisha gia, achia mafuta, vuta hadi nyutro, subiri mlio wa injini ushuke, kisha sukuma gia ya pili kwa upole bila kulazimisha. Kusimama, rudisha nyutro na ufunge breki. Usijaribu hili ndani ya msongamano wa Mtwapa. Huko hata klachi nzima huliwa, hasa na madereva wanaoegemeza mguu kwenye pedali foleni nzima. Mchanga wa Mambrui na Ngomeni nao ni hivyo hivyo: punguza upepo wa magurudumu, tia foo-wili kama unayo, na usikae ukicheza na klachi nusu nusu.

Otomatiki nitaisema kwa ufupi. Kama ina dipstiki (fimbo ya kupimia mafuta ya giaboksi), kama ile Probox yetu, pima injini ikiwa moto na inawaka, baada ya kupitisha gia zote na kurudi P. Honda hupimwa injini ikiwa imezimwa, kwa hiyo soma kitabu cha gari. Mafuta meusi yenye harufu ya kuungua ni habari mbaya. Tia aina iliyoandikwa tu, iwe T-IV au WS za Toyota, na kama ni CVT (otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia) tia ya CVT, kwa sababu ya kawaida itaiua. Taa ya O/D OFF ikipepesa kwenye Toyota, kompyuta imeona hitilafu: isomwe kwanza kabla mtu hajafungua chochote. Na usiivute kwa kamba magurudumu yanayoendesha yakiwa chini. Ita brekidauni ya kubeba.

Sasa, ikibidi giaboksi ishushwe, usinunue pleti peke yake. Nunua pleti, presha pleti (inayoibana pleti kwenye flaiwili) na rilisi beringi pamoja, flaiwili ichongwe kama ina mabaka ya bluu au mikwaruzo, na sili ya nyuma ya krenki, mpira unaozuia mafuta ya injini yasivuje kwenye klachi, ibadilishwe hapo hapo. Sili hiyo ni bei ndogo, lakini ikivuja juu ya pleti mpya, kila kitu kinaanza upya. Taka bei ya spea na bei ya kazi kila moja kivyake. Sema mapema kwamba vyuma vya zamani unaondoka navyo, na uvitazame: pleti iliyolika hadi ribiti (zile pini zake za chuma) imekwisha kwa haki, iliyolowa mafuta imeuawa na sili, na iliyo nene na kavu inahitaji maelezo kutoka kwa fundi kabla hujatoa pesa.

Ukishapewa gari, endesha kwa upole kilomita mia tano za kwanza, bila mzigo mzito. Mimi wiki hiyo maembe hukodishia pikapu ya mtu.