Somo: Jinsi ya kupanga safari ya Mapango ya Amboni, Tanga

Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Tanga. Nimeingia Amboni na wanafunzi, na ndugu, na wageni wa harusi waliobakiwa na siku moja kabla ya basi la kurudi. Wengi huingia mbio, wakapiga picha tatu, wakatoka wakisema, "Kumbe ni giza na popo tu." Inaniuma, kwa sababu hawakudanganywa na mapango, walidanganywa na ratiba yao. Naandika somo hili ili wewe utoke umeona.

Hatua ya kwanza: jua unakwenda kuona nini

Usiiruke hatua hii, ndiyo inayobeba zilizobaki.

Amboni ni jiwe la chokaa. Yapata miaka milioni 150 iliyopita, zama za Jurasiki, hapa palikuwa bahari. Maganda na mabaki ya viumbe vya baharini yalitua chini, tabaka juu ya tabaka, yakagandamana mpaka yakawa jiwe. Baadaye bahari ikarudi nyuma, jiwe likabaki nchi kavu, na mvua ikaanza kazi yake. Tone la mvua hubeba hewa ya ukaa kutoka angani na kwenye udongo, likawa asidi hafifu sana, kama soda isiyotiwa sukari. Likipenya kwenye ufa wa chokaa, huyeyusha jiwe kidogo kidogo. Ufa ukawa mfereji, mfereji ukawa ukumbi. Hivyo ndivyo pango lilivyochimbwa.

Halafu kazi inageuka. Tone lililobeba chokaa hufika kwenye dari ya pango, likaning'inia, likapoteza ile hewa, na chokaa kidogo ikaganda palepale. Tone linalofuata huongeza yake. Baada ya muda mrefu unapata mkuki wa jiwe unaoelekea chini, tunaouita stalaktaiti. Matone yanayoanguka sakafuni hujenga mwenzake anayepanda juu, stalagmaiti. Wawili hawa wakikutana huwa nguzo. Mwendo wenyewe, kwa kawaida, ni karibu sehemu moja ya kumi ya milimita kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe: sentimita moja, miaka mia.

Ukiwa umeyajua haya, utasimama mbele ya nguzo iliyokushinda urefu na mdomo utafunga wenyewe.

Hatua ya pili: chagua msimu na saa

Epuka masika, kuanzia Machi mwishoni hadi Mei. Njia inakuwa tope, mawe yanateleza, na Mto Mkulumuzi unaopita karibu na mapango hujaa. Kipindi kizuri ni cha kusi, Juni hadi Septemba, hewa ya pwani ikiwa imepoa. Januari na Februari nako kukavu, ila joto la Tanga miezi hiyo mnalijua.

Fika saa tatu asubuhi. Siku za kazi ni bora kuliko Jumamosi na sikukuu, kwa sababu kundi la shule likikutangulia ndani utasikia mwangwi wa kelele badala ya tone la maji.

Hatua ya tatu: kufika

Kutoka Dar ni basi la kupitia Chalinze, Segera na Muheza. Wa Arusha na Moshi mnateremka kupitia Same na Korogwe, mnakutana na wenzenu Segera. Mabasi ya mikoani yanaishia stendi ya Kange. Lala mjini, usijaribu kushuka kwenye basi na kwenda mapangoni siku hiyohiyo.

Asubuhi, mapango yako kama kilomita 8 kaskazini mwa mji, kwenye barabara ya Horohoro inayokwenda Mombasa. Panda daladala ya Amboni, mwambie konda akushushe njia panda ya mapangoni. Kutoka hapo ni kilomita mbili na ushee kuingia Kiomoni, kwa miguu au kwa bodaboda. Mkiwa watatu, bajaji ya kwenda na kurudi inafaa zaidi. Mpatane bei kabla hamjaondoka mjini, na mwambie dereva wazi kwamba mtakaa, asije akaanza kupiga honi mkiwa bado ndani.

Hatua ya nne: vya kubeba

Viatu vya kufunga vyenye meno. Kandambili ziache hotelini. Tochi moja kwa kila mtu, na ya kichwani ni bora, kwa sababu kuna mahali utahitaji mikono yote miwili. Tochi ya simu ni ya dharura: inakula chaji, na simu ikikuponyoka kwenye mwamba safari imeharibika. Maji ya kunywa. Nguo unayokubali ichafuke. Akina dada na akina mama, vaeni suruali hata kama juu yake kuna kanga au buibui, kwani kuna mahali pa kuinama sana na pa kutambaa.

Beba pia kitambulisho cha taifa. Mapango yako chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, na kiingilio cha raia si sawa na cha mgeni. Simu yenye salio la kulipia iwe tayari.

Hatua ya tano: ndani

Usiingie bila mwongozaji, hata kama umewahi kufika. Utafiti wa Wajerumani na Waturuki mwaka 1994 ulikuta mifumo kumi tofauti ya mapango, mrefu kuliko yote ukiwa na mita 900. Linalotembelewa na wageni ni moja tu. Na hilo moja lina vichochoro vya kutosha kumpoteza mtu.

Mwongozaji atakuonyesha maumbo ambayo watu wameyapa majina: Mlima Kilimanjaro, meli, Bikira Maria. Watoto wanayapenda. Mimi huwaomba wanaonifuata wafanye jambo moja zaidi. Mkifika ukumbi mpana, mwombeni mwongozaji ruhusa, zimeni tochi zote kwa dakika mbili, mnyamaze. Giza la humo si giza la usiku, kwa maana usiku una nyota. Hapo utasikia tone likianguka, na utajua kwamba kazi ya ujenzi bado inaendelea.

Sasa la muhimu kuliko yote: usiguse. Jasho na mafuta ya mkono hubaki kwenye jiwe, na hapo chokaa haigandi tena sawasawa. Jiwe huacha kukua, likageuka jeusi. Kuchora jina ni kosa lililo wazi, lakini hata kupapasa ni kosa. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilileta watoto zaidi ya hamsini kwa mkupuo mmoja, tochi sita tu. Tulipotoka, mvulana wa kidato cha pili alinifuata na kipande cheupe mfano wa chaki, akaniambia, "Mwalimu, nimekuletea cha maabara." Kilikuwa na urefu wa kidole. Sikumgombeza, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa sijamwambia. Karne kadhaa zilikuwa kiganjani mwake. Tangu siku ile siwaingizi watoto zaidi ya kumi na wawili kwa zamu, na somo la kutogusa tunalimaliza darasani, siyo mlangoni.

Utapita pia sehemu ya mzimu, ambapo watu huja kuomba uzazi, nafuu na riziki. Utaona ubani, vitambaa na sarafu. Usipige picha ya mtu anayeomba, usiokote kitu.

Muulize mwongozaji habari za Osale Otango na Paulo Hamisi, waliojificha humu miaka ya 1950 wakisakwa na serikali ya kikoloni. Kuna wanaowaita majambazi, kuna wanaowaita watetezi wa wanyonge. Utaelewa kwa nini walikuwa hawakamatiki ukiziona njia zenyewe.

Hatua ya sita: ukitoka

Usirudi mjini papo hapo. Zunguka nje uyaangalie majabali kwa mwanga wa jua, uone jinsi mvua ilivyoyachonga mifereji na mizizi ilivyojipenyeza. Ni jamii hiyohiyo ya mawe inayosagwa Pongwe kutengeneza saruji, kwa hiyo huenda umelala kwenye nyumba iliyojengwa na bahari ya Jurasiki. Ukiwa na muda, chemchemi za salfa za Galanos haziko mbali. Harufu yake ni ya yai viza, ila inazoeleka.

MASWALI YA WASOMAJI

Swali (Mama Watatu, Morogoro): Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa pili ana pumu. Nimwache?

Jibu: Marahaba mama. Ukumbi wa mbele una hewa na mwanga, anaweza kufika hapo. Ndani zaidi kuna vumbi la kinyesi cha popo, na hilo si zuri kwa kifua cha mtu yeyote, sembuse mwenye pumu. Mvalishe barakoa, beba dawa yake ya kuvuta, na muulize daktari wake kabla ya safari. Akianza kukohoa, geukeni. Na watoto wote waambie wasimshike popo, hata aliyeanguka.

Swali (Wa Likoni): Mwalimu, sisi tuko Mombasa, tunataka kuja na kurudi siku moja. Inawezekana?

Jibu: Ndugu yangu, inawezekana kwa mtu mwenye gari lake aliyeondoka alfajiri, lakini mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro ukichelewa kidogo mtafika mapangoni mkiwa mmechoka. Laleni Tanga usiku mmoja. Bebeni pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Swali (Wa Likoni): Asante. Lakini si wanasema kuna njia ya chini kwa chini mpaka Mombasa? Tungekuja nayo!

Jibu: Wazee wanasimulia hivyo, na wengine husema inatokea Kilimanjaro. Kuna hadithi ya Wazungu wawili walioingia wakimfuata mbwa wao. Wao hawakuonekana tena, mbwa akakutwa karibu na Mlima Kilimanjaro. Naipenda hadithi hiyo na huwasimulia wanafunzi. Kisha nawarudisha kwenye zile mita 900 za mwaka 1994.

Swali (Kijana wa Sala): Mtumishi, mimi nimeokoka. Kupita kwenye mzimu si kushiriki?

Jibu: Hakuna atakayekulazimisha kutoa chochote. Ukiona vigumu, mwambie mwongozaji mapema naye atakupitisha kwa namna yake. Nimewapeleka mashehe na wachungaji, wakapita kwa heshima kama mtu apitavyo mbele ya nyumba ya jirani mwenye msiba.

Swali (Bint Segeju): Popo wanaotoka jioni kwa makundi, tunaweza kuwaona?

Jibu: Ndiyo dada, ni jua linapozama. Ila hiyo ni safari ya pili siku hiyo, usikae ndani kuwasubiri. Ongea na wahifadhi asubuhi kuhusu muda, kisha urudi usimame nje, kando ya mlango, siyo mbele yake.

Swali (Mpwa wa Muscat): Mwalimu, nakuja Agosti. Baba yangu ana miaka 74, magoti yanamsumbua, lakini alisoma Tanga utotoni na hajawahi kufika Amboni. Anataka sana. Nimdanganye kuwa pamefungwa?

Jibu: Usimdanganye mzee. Bajaji itamfikisha karibu, kisha ni kutembea kidogo akiwa ameshikwa mkono. Mlango wa pango ni mrefu na mwanga unaingia, na akiwa hapohapo anaona mawe yaliyoning'inia bila kutambaa popote. Wewe ingia na mwongozaji, mmoja wenu abaki naye. Mbebee kigoda.